Bonde la Msimbazi na Upangaji wa Mji

Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, hukatiza Dar es Salaam na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini. Wakazi wengi wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na riziki zao, na baadhi wakarudi. Ajabu ni kwamba baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, palepale panapofurika.

Waraka Laudato Si’ (2015), namba 152, unataka wanaohamishwa waarifiwe mapema, wapewe makazi yenye staha ya kuchagua, na washirikishwe. Mradi wa sasa, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, utapanua mkondo na kuligeuza bonde kuwa bustani; wakazi hulipwa fidia waondoke. Fidia haitoshelezi sharti la kushirikishwa.