Ramani ya Kiwanja na Haki ya Mgonjwa wa Kusahau

Katika miji na tarafa za jimbo la Michigan, nchini Marekani, mtu atakaye kujenga makao ya wazee waliopatwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu aghalabu hana budi kwanza kuitandaza ramani ya kiwanja chake mbele ya kamati ya mipango, nayo kamati, katika kikao cha hadhara ambacho majirani wana ruhusa ya kuhudhuria na kusema, huipima ramani hiyo kwa kanuni zilizoandikwa. Ramani yenyewe ni karatasi pana iliyojaa mistari: miinuko ya ardhi, mfereji na bwawa la kupokea maji ya mvua, upinde wa njia ambapo gari la zimamoto litageuka pasipo kukwama, taa za nje na kadiri ya mwanga wake, duara moja kwa kila mti, jaa la taka na ukuta wa kulisitiri, na safu baada ya safu ya visanduku vya maegesho ya magari. Mtu atakayelala humo miaka yake ya mwisho hana alama yake katika karatasi ile. Hoja yangu ni kuwa upungufu huo si wa kamati bali ni wa sheria ndogo iitawalayo kamati, na kwamba pahali pa kuuponya ni katika sheria hiyo, kabla mwombaji hajabisha hodi.

Yafaa ieleweke kwanza kuwa kamati haina hiari kubwa kama hadhara idhanivyo. Sheria ya jimbo ya mwaka 2006 ihusuyo matumizi ya ardhi imeamuru kuwa ramani iliyotimiza masharti ya sheria ndogo, na ya sheria nyinginezo zinazohusika, sharti ipitishwe. Kwa hiyo mjumbe wa kamati siku hiyo yu katika daraja ya kadhi, wala si ya mtunga sheria, na jirani asimamaye kusema kuwa hayataki makao hayo karibu naye husikilizwa kwa adabu, lakini karaha yake si sababu ya kuikataa ramani. Wapo waionao kanuni hii kuwa pingu kwa wenyeji. Mimi naiona kuwa insafu, na dalili yangu ni kesi ya mji wa Cleburne, katika jimbo la Texas, ambako baraza la mji lilidai kibali maalumu kwa nyumba ya watu 13 wenye ulemavu wa akili, kibali ambacho hospitali au jengo la kupangisha lisingalidaiwa pahali pale pale, kisha likawanyima kwa kutaja hofu ya majirani, shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na hatari ya mafuriko. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sababu hizo hazikuwa na msingi, kwani maji ya mafuriko hayatofautishi nyumba ya walemavu na hospitali, na kwamba sharti lile lilisimama juu ya chuki. Mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo liliwaongeza watu wenye ulemavu katika sheria ya kuzuia ubaguzi wa makazi, na mgonjwa wa kusahau amo katika himaya hiyo.

Lakini kumkinga mtu asifukuzwe bado si kumwandalia pa kuishi. Sheria ndogo nyingi zilitungwa kwa ajili ya mwenye gari. Nafasi moja ya maegesho, kwa kipimo cha kawaida cha huko, ni futi 9 kwa 18. Nafasi 10 hula futi za mraba 1,620 za lami, bila ya kuhesabu njia ya kupitia, na hudaiwa kwa idadi ya vitanda vya watu ambao takriban wote wamekwisha kuacha kuendesha. Ardhi hiyo hutoka wapi? Hutoka katika bustani, kwa kuwa bustani haikuandikwa popote, na mjenzi hukata lile asilodaiwa.

Na bustani kwa mgonjwa huyu si pambo. M. Powell Lawton, mwanachuoni wa Philadelphia aliyetumia umri wake kuchunguza makazi ya wazee, alifundisha kuwa kadiri uwezo wa mtu upunguavyo ndivyo mazingira yake yazidivyo kumtawala. Tazama njia ya bustanini iishiayo kwenye lango lililofungwa: mzee huifuata hadi mwisho, hushika kitasa, hukitikisa, husahau kuwa amekwisha kukitikisa, akakishika tena, na kila mara uso wake huzidi kujaa dhiki, hata aje mtu kumwongoza kurudi ndani. Njia ile ile ingalipindishwa ikarejea mlangoni ilipoanzia, angalitembea asubuhi nzima akiwa mustarehe. Tofauti hiyo ni mstari mmoja wa kalamu katika ramani, na sheria ndogo isemapo habari za njia husema upana wake na mteremko wake tu.

Katika mji wa Weesp, karibu na Amsterdam, makao ya De Hogeweyk yaliyofunguliwa mwaka 2009 yalijengwa kwa fikira hiyo. Nyumba zimepangwa kuzunguka vitala, vichochoro na uwanja, lipo duka na ukumbi wa michezo, na kuta za nyumba zenyewe ndizo ua, hata mkaazi hutembea asikutane na seng'enge. (Msomaji ajuaye nyumba za mawe za Lamu, ziupazo mtaa mgongo na kuelekea kitala cha ndani, hatastaajabu.)

Nakiri hatari moja. Sheria ndogo ikiwatwika wajenzi wa makao haya masharti ambayo wengine hawatwikwi, yaweza kugeuka kuwa Cleburne ya pili, yenye sura ya huruma. Ndiyo maana napendekeza badali badala ya mzigo: maegesho yahesabiwe kwa watumishi wa zamu moja na wageni wa wakaazi, na mjenzi asamehewe nafasi zinazozidi iwapo ataonyesha ramanini bustani yenye kizingo, ifikiwayo toka sebuleni pasipo ufunguo, yenye njia irejeayo ilipoanzia, na jaa la taka na mtambo wa umeme wa dharura vikiwa mbali na madirisha ya vyumba vya kulala. Hapo mjumbe wa kamati hatalazimika kuomba hisani ambayo hana haki ya kuidai; atakuwa na kifungu mkononi, na katika karatasi iliyotandazwa mbele yake, pale palipokuwa na visanduku 10, ataifuata njia ya bustani kwa kidole chake kutoka mlango wa sebule hadi mlango huo huo.