Mnara Ulioshika Nafasi ya Dadu

Jenga ni amri, na mwenye Kiswahili akilisoma jina hilo juu ya boksi atatarajia kuambiwa ajenge. Anachokikuta ndani ni kinyume. Vipande 54 vya mbao vinapangwa vitatu vitatu, safu juu ya safu hadi zitimie 18, na kuanzia hapo kazi yote ni kuchomoa: unatoa kipande chini, unakiweka juu, na mnara unarefuka huku mapengo yakiongezeka. Aliyeupa mchezo huo jina ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki, kisha Ghana, ambako familia yake ilipata vipande vya kuchezea kwenye kiwanda cha kupasua mbao cha Takoradi. Aliuzindua London, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea, mwaka 1983. Historia hiyo inafahamika. Isiyofahamika sana ni ile iliyofuata miaka ishirini na ushei baadaye, pale mnara huohuo ulipoingizwa kwenye michezo ya uhusika, ile ambayo watu hukaa mezani, kila mmoja akashika nafasi ya mhusika wake, na mwendeshaji akawaeleza dunia waliyomo, bila jukwaa wala mavazi, hadithi ikitungwa papo hapo kwa maneno. Michezo ya mnara ni michache na haitajwi sana, lakini naiona inafichua jambo ambalo mchezo maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, unalificha: kwamba kifaa kilichopo mezani ndicho kinachoamua hadithi itakuwa ya namna gani.

Kwa muda mrefu kifaa hicho kilikuwa dadu, na dadu lilitoka vitani. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wa Prussia meza ya mchezo wa vita. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akachapisha mwaka 1824 kanuni zilizoboreshwa, zenye ramani, mwamuzi na dadu la kukadiria risasi zimeua wangapi. Jeshi likaupokea ili kufundishia maofisa. Kufika 1876, Julius von Verdy du Vernois alikuwa akidai kwamba majedwali na dadu vinachelewesha mambo, heri mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Yaani ugomvi kati ya bahati na busara ya msimamizi ni wa zamani kuliko michezo ya uhusika yenyewe. Michezo hiyo ilizaliwa pale David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, alipoandaa mwaka 1969 mapigano katika mji wa kubuni wa Braunstein, na badala ya kumpa kila mchezaji kikosi akampa mtu mmoja wa kuwa. Mmoja wa wachezaji wake, Dave Arneson, akalichukua wazo hilo, na pamoja na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa Dungeons & Dragons mwaka 1974: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza. Madadu yake ya pande nyingi, hadi pande 20, hayakutengenezwa kwa ajili ya mchezo huo. Yalikuwa yakiuzwa kama vifaa vya shule. Kwa hiyo dadu halikuchaguliwa kwa kuwa linafaa kusimulia. Lilirithiwa.

Urithi huo una gharama yake, na gharama yenyewe ni kwamba dadu halina kumbukumbu. Ukilirusha mara ya kwanza, nafasi ya kupata sita ni moja kati ya sita. Ukilirusha mara ya mia, ni ileile. Mapigano yanaweza kupamba moto, mwendeshaji akashusha sauti, taa ikapunguzwa, lakini dadu halijui kwamba usiku umekucha wala kwamba wenzako wawili wameshakufa. Wasiwasi wote unabidi utiwe na midomo ya watu. Mnara, kwa upande wake, hausahau. Kila kipande kilichochomolewa saa moja iliyopita bado ni pengo hapo chini, wote mnaliona.

Hilo ndilo waliloling'amua Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore walipotoa Dread mwaka 2005. Ni mchezo wa hadithi za kutisha, na hauna namba hata moja. Mhusika hapimwi nguvu wala akili, mwendeshaji anampa mchezaji karatasi ya maswali ya mtego, ya aina ya “Kwa nini hukumwambia dada yako ulichokiona kisimani?”, na majibu ndiyo yanayomuumba mtu. Baadaye, huyo mtu akiwa amejificha kabatini na kitu kinapumua nje, mchezaji anasema: nataka nitoke bila mlango kulia. Mwendeshaji anamwambia: chomoa kimoja. Basi mkono unanyooka. Kidole kinagusa kipande cha pembeni, kimebana; kinagusa cha katikati, kimelegea kidogo; kinasukumwa taratibu mpaka nusu yake inatokeza upande wa pili, na meza nzima inaacha kutafuna karanga. Kikitoka salama, mlango haukulia. Ukikataa kuchomoa, unashindwa hilo ulilotaka lakini unabaki hai. Mnara ukianguka mkononi mwako, mhusika wako ametoka kwenye hadithi, na kwa kawaida ametoka kwa kufa. Hofu ya mhusika na hofu ya mchezaji zimekuwa kitu kimoja, wala hakuna aliyehitaji kuigiza.

Mtu anaweza kusema kwamba dadu lilikuwa limeshaachwa zamani. Ni kweli. Erick Wujcik alitoa mwaka 1991 mchezo wa Amber usio na bahati yoyote, ambao wachezaji huanza kwa mnada wa kugombania sifa za wahusika wao. Mike Pondsmith alitumia karata za kawaida katika Castle Falkenstein, mwaka 1994, kwa hoja ya kupendeza kwamba mabwana na mabibi wa Ulaya ya karne ya 19 wasingeshusha heshima yao kwa kurusha dadu. Yote miwili inafaa kujaribiwa, wa Pondsmith hasa. Lakini mmoja uliondoa bahati na mwingine ukaibadilisha sura. Hakuna kati yao uliokifanya kifaa chenyewe kichoke kadiri hadithi inavyosonga.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Katika mchezo wa dadu, mtu dhaifu anaweza kuwa shujaa wa miraba minne, kwa sababu nguvu zimeandikwa kwenye karatasi. Kwenye mnara, daktari bingwa wa upasuaji anaweza kufa kwa kuwa anayemwigiza ana mkono unaotetemeka. Kuna jibu la nusu: mwendeshaji hamwambii daktari achomoe kwa jambo ambalo daktari yeyote angeliweza, na anayekataa kuchomoa hafi. Nusu nyingine haina jibu. Mwenye ugonjwa wa kutetemeka amewekewa kizuizi cha kweli, na meza ikikubaliana mwenzake amchomolee, sehemu ya ladha inapotea. Niongeze kwamba mnara haufai hadithi ya miezi kadhaa. Huwezi kufa kila Jumamosi. Anayetaka kumkuza mhusika mmoja mwaka mzima abaki na dadu lake, na hajakosea.

Ila wanaosema mnara unajua kutisha tu wamekosea. Mwaka 2019 Alex Roberts alitoa Star Crossed, mchezo wa watu wawili tu, wanaowaigiza watu wawili wanaotamaniana na wasiopaswa kabisa kupendana. Hapa nako mikono inaugusa mnara, vipande vinatoka kimoja kimoja, lakini ukianguka hakuna anayekufa: uvumilivu umeisha, na wawili hao wanatenda walichokuwa wakijizuia kukitenda. Kitu kilekile, mbao zilezile, na kuanguka kulekule kumegeuka kuwa jambo unaloliogopa huku unalitaka. Mwaka uliofuata Chris Bissette akauhamishia mnara kwa mchezaji mmoja. Katika The Wretched wewe ndiye uliyebaki hai peke yako ndani ya chombo cha angani kilichoharibika, kiumbe fulani kiko nje kinatafuta pa kuingilia. Unafunua karata, unachomoa kipande zikikuamuru, unarekodi sauti yako kama shajara ya siku hiyo. Ukiwa peke yako chumbani, mbao zikigonga meza zinapiga kelele ya ajabu.

Kwetu pingamizi litakuja kwa njia nyingine: kwamba haya tulikuwa nayo, kwamba anayesema “Hadithi! Hadithi!” akaitikiwa “Hadithi njoo!” ameshaanza mchezo wa uhusika. Sikubaliani. Katika ngano za jioni bibi anajua sungura ataponea wapi, na wajukuu wanajua pia. Utamu uko katika kulingojea jambo linalojulikana. Kwenye meza ya mnara hata mwendeshaji hajui. Hizi ni sanaa mbili, na kuzilazimisha udugu hakuziheshimu. Kinachonifanya niipendekeze michezo hii kwa wasomaji wa Kiswahili ni sababu ya kawaida zaidi. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, lakini ni vifupi: mtu mmoja akisoma, wengine wote wanaweza kucheza kwa Kiswahili jioni hiyohiyo, maana kanuni kubwa imesimama mezani na haihitaji tafsiri. Dungeons & Dragons haikupi nafuu hiyo.

Anayeanza aanze na Dread, watu wanne au watano, usiku mmoja. Na asikose kuwasomea wenzake ile kanuni ambayo wengi huiruka: mchezaji yeyote, wakati wowote, anaweza kuuangusha mnara kwa makusudi. Mhusika wake anakufa palepale, lakini alilotaka kulifanya linafanikiwa, liwe kubwa namna gani. Baada ya hapo mnara unapangwa upya, vipande kadhaa vinachomolewa kabla mtu hajasema neno, na waliobaki wanaendelea na mapengo aliyowaachia.