Umoja wa Mataifa na amani ya nchi zetu: ulipoweza na uliposhindwa



Tarehe 24 Oktoba ni Siku ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo Mkataba wake ulianza kutumika mwaka 1945. Kwa sisi tuliotoka Kivu ya Kusini siku hizo zina kumbukumbu nyingine. Katika juma hilohilo mwaka 1996 mji wa Uvira ulianguka, na watu wa Uvira na Fizi wakaanza kutafuta mitumbwi ya kuvukia Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana kila tunapokaa kupanga maadhimisho ya siku hiyo ubishi haukosekani. Baadhi ya wazee husema hakuna cha kuadhimisha. Wengine hujibu kwamba turubai tulilolalia, unga tuliokula na karatasi tulizoandikishwa vyote vilikuwa na alama ya Umoja huohuo. Kamati imeona afadhali ubishi huo uandikwe pamoja na tarehe zake, ili vijana waliozaliwa kambini wabishane wakiwa na habari.

Hatuna budi kuanza mbali kidogo. Kabla ya Umoja wa Mataifa kulikuwa na Shirikisho la Mataifa, lililoanzishwa Januari 1920 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, makao yake yakiwa Geneva. Rais Wilson wa Marekani ndiye aliyelipigania sana, lakini nchi yake mwenyewe haikujiunga. Sisi wa maziwa haya tulilijua kwa sura nyingine: ndilo lililobariki Waingereza kushika Tanganyika na Wabelgiji kushika Ruanda-Urundi, baada ya Wajerumani kushindwa. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa.

Shirikisho hilo lilifanya kazi pale wagombanao walipokuwa wadogo. Mwaka 1925 Ugiriki iliingiza majeshi Bulgaria. Shirikisho likaamuru mapigano yasimame, Wagiriki wakaondoka na kulipa fidia. Lakini mwaka 1935 Italia ya Mussolini ilipoivamia Ethiopia, ambayo ilikuwa mwanachama kama yeye, mambo yalikuwa mengine. Vikwazo viliwekwa, ila mafuta hayakuguswa, na meli za Italia ziliendelea kupita Mfereji wa Suez zikiwa na askari na silaha. Addis Ababa ilitekwa Mei 1936. Tarehe 30 Juni mwaka huo Haile Selassie alisimama Geneva akawaeleza wenzake yaliyowapata watu wake, pamoja na gesi ya sumu iliyomwagwa kutoka kwenye ndege. Julai, vikwazo vikaondolewa. Wakati huo mfalme alikuwa mkimbizi.

Hapa tuseme jambo moja ambalo sisi wakimbizi hatupaswi kulisahau. Shirikisho hilohilo, kwa kazi ya Fridtjof Nansen wa Norway, lilianza mwaka 1922 kutoa cheti cha safari kwa Warusi waliokimbia nchi yao na kubaki bila uraia, na baadaye kwa Waarmenia na wengineo. Cheti hicho ndicho babu wa karatasi tunazotunza ndani ya mifuko ya plastiki mvua isizilowanishe. Chombo kilichoshindwa kumlinda mfalme katika nchi yake kiliweza kumpa mtu asiye na nchi karatasi ya kupitia mpakani. Tofauti hiyo imeendelea hadi leo.

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, Umoja wa Mataifa uliundwa kwa wanachama 51, na Afrika ilikuwa na wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika ya Kusini. Mataifa matano yalijipatia viti vya kudumu katika Baraza la Usalama pamoja na kura ya turufu. Mmoja wao akikataa, azimio limekufa. Tena Umoja hauna jeshi lake. Hata azimio likipita, Katibu Mkuu huanza kuzunguka akiomba askari, kama mtu anayetafuta mahari ya mwanawe.

Jeshi lake lililokuwa kubwa kuliko yote katika miaka hiyo lilikuja kwetu. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960. Kabla ya majuma mawili kuisha askari wa Force Publique walikuwa wameasi, Ubelgiji ilikuwa imerudisha wanajeshi wake bila kuombwa, na Tshombe alikuwa ametangaza kuitenga Katanga. Lumumba na Kasa-Vubu wakaomba msaada. Tarehe 14 Julai Baraza likakubali, na kesho yake askari wa kwanza wakatua. Ni wepesi ambao hatujauona tena. Walikuja Watunisia, Waghana, Wamoroko, Waethiopia, kisha Wahindi na wengine, mpaka wakafika karibu 20,000.

Lakini walitumwa kufanya nini? Lumumba alidhani wamekuja kuirudisha Katanga. Katibu Mkuu Hammarskjöld alisema hawaruhusiwi kuingilia ugomvi wa ndani. Septemba, Kasa-Vubu alipotangaza kumwondoa Lumumba, maofisa wa Umoja walifunga viwanja vya ndege na redio ya Léopoldville. Walisema ni kwa ajili ya utulivu. Aliyeumia zaidi ni Lumumba, kwa kuwa mwenzake alikuwa na redio ya Brazzaville ng'ambo ya mto. Baada ya hapo askari wa Umoja walimlinda Lumumba nyumbani kwake. Alipotoka usiku wa 27 Novemba kuelekea Stanleyville, ulinzi uliishia mlangoni: amri ilikuwa wasiingie kati yake na waliomfuatia. Alikamatwa, na 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Wazee wetu hawajausamehe Umoja kwa hilo, na sisi hatuwaombi wausamehe.

Hata hivyo hadithi haikuishia hapo, na huku ndiko wengi wetu hatukusimuliwa. Mwezi uliofuata Baraza likabadili amri na kuruhusu nguvu itumike, ikiwa hakuna njia nyingine, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka huohuo wa 1961 Waluba waliokuwa wakiwindwa Élisabethville walikimbilia kwa askari wa Umoja, makumi ya maelfu yao, wakalindwa katika kambi mpaka waliposafirishwa kwenda mahali salama. Hammarskjöld mwenyewe alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia 18 Septemba, akienda kuzungumza na Tshombe. Novemba, wanaanga 13 wa Kiitalia waliokuwa kazini kwa Umoja waliuawa Kindu. Januari 1963 Katanga ikarudi. Askari wapatao 250 wa Umoja walikuwa wamekufa. Kongo ilibaki nchi moja, na hilo si dogo. Kisha wakaondoka 30 Juni 1964, wakati waasi wa Simba wamekwisha kuingia Uvira. Wanaosema kwamba Umoja huondoka moto ungali unawaka hawasemi kwa chuki tu.

Tukija Rwanda, maneno ni machache na mazito. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993 walipelekwa askari wapatao 2,500 chini ya Jenerali Dallaire wa Kanada. Tarehe 11 Januari 1994 alipeleka habari New York kwamba silaha zimefichwa na watu wanaandikwa majina ili wauawe. Akaambiwa asiziguse silaha hizo. Mauaji yalipoanza Aprili, askari kumi wa Ubelgiji waliuawa siku ya kwanza, na nchi yao ikawaita waliobaki. Watu wapatao 2,000 waliojihifadhi katika shule ya ufundi ya Kicukiro waliwaona walinzi wao wakipanda magari na kuondoka tarehe 11 Aprili. Wengi wao waliuawa baada ya muda mfupi. Siku kumi baadaye Baraza likapunguza jeshi hadi watu 270. Na Dallaire, na wachache waliokataa kuondoka, wakaokoa maelfu ya roho katika uwanja wa Amahoro na kwingineko. Mkono mtupu haulambwi, lakini hata huo mkono mtupu, pale uliponyooshwa, uliokoa watu. Ndiyo maana hatukubali kwamba hakukuwa na la kufanya.

Umoja ulianzisha baadaye mahakama ya Arusha, ambayo Septemba 1998 ilitoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, dhidi ya Akayesu, aliyekuwa bwana-mkubwa wa Taba. Mahakama ilifungwa mwisho wa 2015. Ilikuwa haki, ingawa haki ya baada ya mazishi.

Sasa tufike kwenye letu. Wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma na Bukavu Julai 1994, waliingia pamoja na jeshi lililoshindwa na wanamgambo wake. Katibu Mkuu aliomba askari wa kuwatenga wenye bunduki na mama zetu wenye watoto. Karibu nchi zote zilizoombwa zilikwepa, na kambi zikabaki hivyo miaka miwili, mpaka vita vikatufuata majumbani. Uvira, Bukavu na Goma zilianguka moja baada ya nyingine. Tarehe 15 Novemba 1996 Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 1080: jeshi la mataifa mengi, likiongozwa na Kanada, lije mashariki ya Zaire. Siku hiyohiyo umati mkubwa ulianza kurudi Rwanda kutoka Mugunga, na wakubwa wakasema basi, tatizo limekwisha. Waliokimbilia misituni kuelekea magharibi hawakuhesabiwa. Sisi wenyeji wa Kivu hatukuhesabiwa pia. Jeshi halikuja. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi huohuo.

Mtu anaweza kudhani basi Afrika haisaidiki. Si kweli. Msumbiji ilipigana miaka kumi na sita. Serikali na Renamo walitia saini Roma Oktoba 1992, Umoja ukapeleka askari, ukakusanya silaha, ukatafuta fedha za kuwageuza waasi kuwa chama, na uchaguzi ukafanyika Oktoba 1994. Zaidi ya wakimbizi milioni moja na laki saba walirudi kwao, wengi kutoka Malawi. Waliopigana walikuwa wamechoka, na waliowapa silaha kutoka nje walikuwa wamekoma. Kwetu waliotoa silaha hawakukoma, kwa sababu ardhi yetu ina dhahabu na koltani.

Jeshi la pili la Umoja nchini Kongo, MONUC, lilianzishwa Novemba 1999, na kuanzia 2010 likaitwa MONUSCO. Lilisaidia nchi kupiga kura mwaka 2006, hilo tulikiri. Lakini Bukavu ilitekwa Juni 2004 likiwapo, na Goma Novemba 2012 likiwapo pia. Azimio la Machi 2013 likaunda kikosi cha Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi chenye ruhusa ya kushambulia, kamanda wake wa kwanza akiwa Jenerali Mwakibolwa wa Tanzania. Novemba mwaka huo M23 walikuwa wameshindwa. Watanzania wamelipia kazi hiyo: 15 waliuawa Semuliki Desemba 2017. Tunaoishi juu ya ardhi yao tunalitaja hilo kwa heshima.

Halafu amri ikalegea tena, mauaji yakaendelea vijijini, na Julai 2022 wananchi wa Goma, Butembo na Uvira wakaandamana wakitaka MONUSCO iondoke. Serikali nayo ikataka hivyo. Mwisho wa Juni 2024 ikafunga shughuli zake Kivu ya Kusini. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, Februari Bukavu. Tarehe 21 Februari Baraza, kwa kura zote 15, likaamuru M23 waondoke katika miji hiyo. Hakuna askari hata mmoja aliyetumwa kutekeleza azimio hilo. Katika ndugu zetu walioandamana 2022 wapo waliotuambia kwa simu kwamba walikosea, na wapo wanaosema wangeandamana tena.

Wajumbe wakija kutuuliza kama tuko tayari kurudi nyumbani, nasi huwauliza: katika kijiji tunachorudi kuna askari wangapi, ni wa nani, wana amri ya kufanya nini wakisikia risasi, na mpaka lini? Swali hilo limeandikwa katika daftari la mikutano mara nyingi. Jibu likija, tutalichapa hapa.