Mazoezi kabla ya upasuaji

Mazoezi kabla ya upasuaji ni mpango wa kuujenga mwili wa mgonjwa katika wiki anazosubiri tarehe ya operesheni. Hujumuisha kutembea kwa kasi, kuimarisha misuli, kupumua kwa kina na kula vizuri. Baada ya kupasuliwa, mwili hudai oksijeni nyingi kwa siku kadhaa. Moyo na mapafu visipoweza kuutosheleza, figo na utumbo navyo huumia.

Utafiti wa Barcelona wa mwaka 2018 ulihusu wagonjwa 125 waliokuwa katika hatari kubwa. Waliofanya mazoezi, asilimia 31 walipata matatizo baada ya upasuaji wa tumbo; wasiofanya, asilimia 62. Kuhusu upasuaji wa ini, majaribio ya panya yameonyesha kuwa wiki nne za kukimbia hupunguza madhara yanayotokea damu inaporudishwa kwenye ini baada ya kuzuiwa.

Kwa Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, utafiti wenye uzito zaidi ni ule wa Australia na Nyuzilandi, wa mwaka huohuo. Kabla ya upasuaji, wagonjwa walikaa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa dakika 30 tu, wakafundishwa mazoezi ya kupumua ya kuanza mara wanapozinduka. Matatizo ya mapafu yalikuwa asilimia 12, dhidi ya 27 kwa waliopewa kijitabu pekee. Hapakuhitajika mashine yoyote, na jambo hilo linawezekana kabisa Kitengela au Kajiado mjini, hata kwa mgonjwa anayetumwa Nairobi kupasuliwa.

Mahitaji ya watu hayalingani. Mzee anayechunga ng'ombe kutwa nzima huwa tayari ana pumzi. Anachokosa pengine ni chakula, hasa wakati wa kiangazi. Mwenye duka Kitengela anayepanda bodaboda kila aendako ndiye wa kuanza na kiti cha plastiki: kuketi na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, apumzike, arudie. Kutembea ni vyema alfajiri, kabla malori ya barabara ya Namanga hayajatimua vumbi.

Maharagwe, mayai na maziwa huenda sambamba na mazoezi, kwani misuli haijengeki kwa njaa. Mwenye upungufu wa damu hutibiwa kwanza. Anayebanwa na kifua au kuhisi kizunguzungu aache mara moja amwone daktari, na mwenye ngiri asinyanyue mizigo.