Tuchome Vya Kwetu: Historia ya Hofu ya Uchawi katika Nchi ya Wazaramo

Hapa Dutumi, mtu akifariki ghafla, watu huuliza kwanza aliyemfanyia, halafu ndipo waulize alikuwa anaumwa nini. Sisi tuliolelewa upande huu wa Kibaha unaotazamana na Kisarawe tunalijua swali hilo tangu utoto. Tumelisikia matangani, kisimani na shambani. Tuseme kweli, tumelisikia hata nje ya mlango wa kanisa, ibada ikiwa imekwisha na Biblia zingali mikononi.

Hatusemi haya tukiwanyoshea kidole wengine. Miaka iliyopita, katika usharika mmoja wa huku, mtoto aliugua degedege akafariki. Wazee wa ukoo walikwenda kupiga ramli, na ramli ikamwangukia mama mmoja mjane, mshiriki wa Meza ya Bwana, aliyekuwa jirani yao. Hakuna aliyempiga wala kumchomea nyumba. Watu waliacha tu kwenda kwake kuomba moto, na watoto wakakatazwa kupokea embe zake. Jumapili ilipofika, benchi alilokaa lilibaki na yeye peke yake. Sisi tulikuwamo kanisani. Tuliliona benchi lile na hatukuhama kwenda kukaa naye. Baadaye alihamia kwa mwanawe mjini, na hakurudi.

Insha hii ni jaribio letu la kuelewa hofu iliyotufunga miguu siku ile ilitoka wapi, na kwa nini zaidi ya miaka 100 ya Injili katika nchi hii haijaiondoa.

Kabla ya misioni na baada yake

Wazee wetu, Wazaramo na Wakwere, hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walimtaja Mulungu, walitambika kwa mizimu ya ukoo, na mvua ilipokosekana walipeleka ujumbe mbali, hadi kwenye pango la Kolelo katika milima ya Uluguru. Walitofautisha pia watu wawili ambao leo mara nyingi tunawachanganya. Mganga alikuwa mtu wa mchana: alijulikana kwa jina, aliitwa, alilipwa, alitibu. Mchawi alikuwa mtu wa usiku: hakuna aliyejitangaza kuwa mchawi, ila alitajwa na wengine. Hapo ndipo penye hatari. Mganga unaweza kumwona akifanya kazi yake, lakini mchawi hupatikana kwa kunyoshewa kidole.

Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Walileta shule, dawa na Neno la Mungu, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Kuhusu mambo ya kienyeji walikuwa wakali: ngoma za pepo, hirizi, matambiko na ramli vyote vilipigwa marufuku kwa Mkristo. Wengine walijitahidi kusikiliza. Martin Klamroth alikusanya habari nyingi za imani za Wazaramo na kuzichapisha katika miaka ya 1910. Lakini kwa kawaida mwongofu aliambiwa aache, wala hakuulizwa anaogopa nini. Akaitupa hirizi na kubaki na hofu, na hofu isiyo na mahali pa kusemwa mchana hutafuta njia usiku.

Wamisionari wale walitoka katika nchi yenye kidonda chake. Kati ya karne ya 15 na ya 18, Ulaya iliwaua watu wapatao 40,000 hadi 60,000 kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake, na nchi za Ujerumani ziliongoza kwa idadi. Majaji walikuwa Wakristo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, na walishika mkononi mstari wa Kutoka 22:18. Padre mmoja Mjesuti, Friedrich Spee, aliwasikiliza waliohukumiwa, na mwaka 1631 alichapisha kitabu bila kutia jina lake. Alisema mateso ndiyo yaliyokuwa yakiwazalisha wachawi, kwa kuwa mtu akiteswa vya kutosha hukiri lolote na kutaja yeyote. Basi tusidhani kuwa hofu hii ni ugonjwa wa Mwafrika. Ni ugonjwa wa mwanadamu, na Kanisa limewahi kuushika vibaya sana.

Maji ya mwaka 1905

Hofu ilipozidi, watu walitamani dawa moja ya kumaliza kila ubaya. Dawa hiyo ilitangazwa Ngarambe, kusini ya Rufiji, na Kinjikitile Ngwale, aliyesemekana kupandwa na pepo aitwaye Hongo. Tunayakumbuka maji yale kama dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wameonewa: kodi, viboko, na mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliyowaachia malipo kiduchu. Lakini wanahistoria wanatukumbusha jambo jingine, kwamba maji yalifuata desturi ya zamani zaidi, ya manabii waliotokea mara kwa mara kuitakasa nchi na uchawi. Aliyekunywa maji alitakiwa kuacha dawa zake za zamani.

Katika Uzaramo ujumbe huo ulikuja kwa jina la Kolelo. Klamroth aliandika kwamba watu waliambiana Kolelo amekataza kuwalipa kodi wageni, na kwamba gharika inakuja kuwafagilia mbali wao pamoja na wafuasi wao. Miongoni mwa wafuasi hao walihesabiwa Wakristo wa kwanza.

Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Maji hayakuzuia risasi. Serikali ya Kijerumani ilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000, na makadirio ya baadaye yanafika 250,000 au zaidi. Tunawaheshimu waliosimama dhidi ya dhuluma. Hata hivyo tuliitazame somo lililobaki: maji yaliyoahidi kuwaondoa wakoloni na wachawi kwa pamoja yalipita, na ule wasiwasi kati ya jirani na jirani ukabaki palepale.

Dawa baada ya dawa

Katika miaka ya 1920 Ngoja bin Kimeta alisifika mashariki na kusini ya Tanganyika kwa kuwatafuta wachawi. Miaka ya 1930 dawa ya mchape ilienea kutoka upande wa Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Miaka ya 1950 ikawa zamu ya Nguvumali, mganga aliyevuma pwani hata Hasani bin Ismail akamtungia utenzi, ambao Peter Lienhardt aliuchapisha mwaka 1968. Kila mmoja alipokuja, watu walisema sasa uchawi umekwisha. Kila mmoja alipoondoka, baada ya muda akatafutwa mwingine.

Serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, ambayo ipo hata leo, Sura ya 18. Sheria hiyo huadhibu anayejidai kuwa na uchawi au kutumia vifaa vyake. Lakini pia ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa akaishi mahali pengine. Tukikumbuka yule mama wa benchi, tunaona kwamba sisi tulimtekelezea amri hiyo bila mkuu wa wilaya kuandika barua.

Kwingine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kamati iliyochunguza suala hili miaka ya 1980 ilikuta kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yanayohusu uchawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Wengi walikuwa wa Mwanza na Shinyanga, na wengi walikuwa wazee, ambao macho yao mekundu yametokana na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 tukashuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa kuwa waganga waliwaambia wateja kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2009 serikali ilifuta leseni za waganga, na mwaka 2015 ikatangaza tena marufuku. Kwamba tangazo lilihitaji kurudiwa, hilo peke yake linatufundisha.

Na sisi Kanisani

Lloyd Swantz, mmisionari Mlutheri aliyewachunguza waganga wa Kizaramo jijini Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970, alikuta watu wa dini zote kwao, Wakristo wakiwamo. Hali haijabadilika sana. Mkristo wa Dutumi huenda kwa mganga jioni, kwa njia ya nyuma, naye hukutana huko na mwenzake wa kwaya, na wote wawili hukubaliana kimya kimya kwamba hawakuonana.

Mwaka 2011 njia ya nyuma ikawa barabara kuu. Mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha katika ndoto. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wakubwa kwa wadogo wakaenda. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za hospitali, na wengine walifia njiani. Hatuihukumu nia ya mzee yule, ambaye hakujitajirisha kwa bei ile. Amekwisha kwenda mbele za Mungu. Tunajiuliza sisi tuliokimbilia kule: je, ule haukuwa mwendo wa Ngarambe kwa mara nyingine, kikombe kimoja kwa kila shida?

Leo kuna maji, mafuta, chumvi na vitambaa vinavyouzwa kwa jina la Yesu, na kuna watumishi wanaowaambia waumini kwamba aliyewafunga ni shangazi, ni mama mkwe, ni jirani wa kushoto. Tuseme wazi: kupiga ramli ni kupiga ramli, hata anayepiga akiwa ameshika Biblia.

Kile walichokifanya Waefeso

Neno halikatai kwamba yapo mamlaka ya giza. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli, uaguzi na kuwaomba wafu, na Sauli alipokwenda usiku kwa yule mwanamke wa Endori, katika 1 Samweli 28, hakupata msaada, ila alizidishiwa hofu. Kwa hiyo Mkristo anayekwenda kuagua anamwacha Bwana wake, na hatuna ruhusa ya kulifunika jambo hilo kwa jina la mila.

Lakini tusome vizuri Matendo ya Mitume 19. Watu wa Efeso waliotumia uganga walipoamini, walileta vitabu vyao wakavichoma hadharani, na thamani yake ilifika vipande 50,000 vya fedha. Walileta vya kwao. Hatusomi kwamba waliingia nyumba za jirani kutafuta vya wengine, wala kwamba Paulo aliwataja wachawi wa mji kwa majina. Walikiri matendo yao wenyewe. Hapa ndipo toba ya Kikristo inapoachana na kazi ya Ngoja na Nguvumali. Ile huanza kwa kumtafuta mbaya ni nani. Hii huanza kwa kufungua sanduku langu mwenyewe.

Na katika Yohana 9, wanafunzi walipomwona kipofu na kuuliza nani aliyetenda dhambi, Bwana hakuwapa jina la mtu. Aligeuza swali lao, kisha akamtendea yule mgonjwa kazi. Swali lao lilikuwa ndugu wa swali letu la matangani.

Basi tunapendekeza mambo machache kwa sharika zetu. Mtu akifiwa, wazee wa kanisa wafike nyumbani kwake kabla ya mpiga ramli, na wakae naye hata baada ya arobaini. Mtoto akishikwa na degedege, apelekwe zahanati usiku uleule, na jumuiya ichangie nauli ya bodaboda. Maombi yataendelea njiani. Mwenye hirizi na aliyekwenda kuagua apewe nafasi ya kusema bila kuaibishwa, maana aibu ndiyo inayomrudisha njia ya nyuma. Na mtu akitajwa kuwa mchawi, siku hiyohiyo mchungaji na wazee waende kwake, waketi, wale chakula chake, watu wakiona.

La mwisho lilikuwa jepesi kwetu, nasi hatukulifanya. Mama yule hakuhitaji mahubiri, alihitaji mtu mmoja ahame benchi. Tumemwomba Mungu msamaha, na wawili wetu wamekwenda mjini kumwomba yeye pia. Alitupikia chai. Alisema amesamehe, lakini Dutumi harudi. Tunaandika haya ili usharika utakaoona benchi kama lile Jumapili ijayo ujue la kufanya kabla wimbo wa kwanza haujaisha.