Fort Jesus na Mazizi ya Hyrax Hill: Kipimo cha Urithi Kenya

Juni 2011, katika kikao kimoja, UNESCO iliingiza sehemu mbili za Kenya kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Fort Jesus ya Mombasa iliingia kama urithi wa utamaduni. Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yakaingia kama urithi wa asili. Pwani ilitambuliwa kwa kazi ya watu, Bonde la Ufa kwa ndege na maji. Nadai kwamba mgawanyo huu umetokana na kipimo kibovu, kinachomuuliza mwanzilishi jina lake kabla ya kuuliza jengo lilitumikaje.

Hata Fort Jesus yenyewe haipimiki hivyo. Ni kweli ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Lakini Sultani Yusuf bin Hasan aliwanyang'anya Wareno 1631, na Desemba 1698 Waomani waliitwaa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Wareno walirudi 1728, wakatimuliwa mwaka uliofuata. Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliacha humo ukumbi wao wa baraza. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kati ya karne nne na ushei, Wareno waliishika takriban moja tu. Bado tunaiita ngome ya Wareno.

Wakati Cairati akichora, wafugaji wa Sirikwa walikuwa wakichimba mazizi katika nyanda za Bonde la Ufa. Mfano wake uko Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, alikochimbua mwanaakiolojia Mary Leakey 1937 na 1938. Zizi ni shimo la mviringo lililochimbwa mtelemkoni, mlango wake ukielekea chini. Nje ya mlango pana kichuguu: samadi na taka zilizozolewa ndani msimu baada ya msimu. Nyumba ilishikana na zizi, na kuiingia ulipitia kwa ng'ombe. Huo ni ulinzi wa mali, uliofikiriwa kwa makini.

Mwaka 1933 mtafiti G.W.B. Huntingford aliyahusisha mabaki ya kale ya nyanda za juu na ustaarabu uliotoweka, aliouita wa Azania. Mwanaakiolojia J.E.G. Sutton ndiye aliyeonyesha baadaye kuwa mashimo ya Sirikwa ni mazizi. Ushahidi ulikuwa pale pale mlangoni, kwenye samadi.

Atakayesema shimo haliwezi kulinganishwa na kuta za matumbawe aitazame Thimlich Ohinga ya Migori, boma la mawe yaliyopangwa bila saruji, lililoingia orodha hiyo hiyo 2018. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanasimamia Fort Jesus na Hyrax Hill pia. Yanaweza kuanza kwa kumweleza mwanafunzi wa Nakuru anayepelekwa Mombasa kwamba ngome ile na mazizi ya kwao ni ya zama moja, na kumwonyesha wa Mombasa njia ya kwenda Hyrax Hill.