Waingereza Walioipinga Serikali Yao: Habari za Ayalandi na za Ugogo

Mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka wa 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jemadari van Deventer wa Afrika Kusini, yaliingia Dodoma, na Wadachi wakarudi nyuma kuelekea kusini. Reli ikashikwa, bendera ikabadilishwa, na watu wa nchi hii ya kati wakapata bwana mpya. Siku chache tu baadaye, tarehe 3 Agosti, huko London katika gereza la Pentonville, bwana huyo huyo alimnyonga mtu mmoja jina lake Roger Casement.

Msomaji wetu wa Mvumi au wa Bahi aweza kuuliza, mtu huyo atuhusu nini sisi? Atuhusu sana. Casement alizaliwa karibu na Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, mwaka wa 1864, naye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika nchi ya Kongo siku zile Kongo ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka wa 1903 alipanda mtoni kwa chombo, akawauliza watu wenyewe habari za mpira: nani aliyepigwa, nani aliyekatwa mkono, kijiji gani kilichomwa. Taarifa yake ikapigwa chapa mwaka uliofuata. Akaungana na E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, ambaye alikuwa ametambua kwa kusoma hesabu tu kwamba meli zilitoka Kongo na mpira na pembe, zikarudi na bunduki na risasi. Wakaanzisha chama cha kuitetea Kongo mwaka wa 1904. Wamisionari walioishi huko wakatoa ushuhuda na picha, hata mwaka wa 1908 Leopold akanyang'anywa nchi ile.

Lakini Casement alirudi na jambo lingine moyoni. Yeye mwenyewe aliandika kwamba katika misitu ya Kongo ndipo alipojitambua kuwa ni Mwayalandi. Aliona watu waliotwaliwa ardhi yao na mataifa mengine, akakumbuka kwamba kwao ni vivyo hivyo. Vita vilipokuja aliwaendea Wadachi, ndio hao hao waliokuwa wakitutawala sisi, kuomba silaha kwa ajili ya Ayalandi. Alipotua pwani ya nchi yake mwezi wa Aprili 1916 alikamatwa, akahukumiwa kwa kosa la uhaini.

Hukumu ilipotolewa Waingereza hawakuwa wote wa nia moja. Palikuwa na watu waliomwombea asinyongwe, na wengi wao walikuwa wa lile kundi liitwalo watu wa upande wa kushoto. Jina hilo latoka Ufaransa, katika mapinduzi ya mwaka wa 1789, kwa kuwa waliotaka mambo yabadilike waliketi upande wa kushoto wa baraza. Mmoja wa waombezi alikuwa Henry Nevinson, aliyekwisha kuandika habari za utumwa katika mashamba ya kakao ya Wareno. Mwingine alikuwa George Bernard Shaw, mtunga michezo, naye ni mzaliwa wa Dublin. Hawakusikilizwa.

Hapa pana jambo lisilopendeza kulisema, lakini historia si nyimbo za sifa. Arthur Henderson, mkuu wa chama cha Labour, yaani chama cha wafanya kazi, alikuwa waziri katika serikali hiyo iliyomnyonga Casement. Alikuwa waziri pia siku ya tarehe 12 Mei mwaka ule, wakati James Connolly, kiongozi wa wafanya kazi wa Dublin, alipopigwa risasi. Connolly alikuwa amejeruhiwa katika maasi ya Pasaka, hawezi kusimama, ikawabidi wamfunge kitini kwanza. Basi, chama cha wafanya kazi kiliketi meza moja na wale waliomwua kiongozi wa wafanya kazi, wala hakikutoka.

Miaka minne ikapita. Waayalandi walikuwa wamekwisha kukataa kwenda katika Bunge la London, wamejiwekea bunge lao wenyewe huko Dublin mwezi wa Januari 1919, na vita vya kuviziana vilikuwa vimeanza. Serikali ikaongeza askari polisi, wengi wao walikuwa askari wa vita vikuu waliokosa kazi. Kwa sababu sare hazikutosha walivaa nusu rangi ya kaki na nusu rangi nyeusi, wakapewa jina la Black and Tans. Polisi mmoja akiuawa, nyumba za mtaa huchomwa. Sisi tuliosimuliwa vita vya Maji Maji twaijua desturi hiyo.

Mwisho wa mwaka wa 1920 chama cha Labour kilipeleka tume yake kwenda kuona kwa macho. Aliyeiongoza ni nani? Ni yule yule Henderson. Walizunguka mijini na vijijini, wakasimama mbele ya nyumba zilizochomwa, wakawauliza wenye nyumba. Taarifa yao iliwaaibisha wakubwa, na mwanzo wa mwaka wa 1921 ikafanywa mikutano mikubwa katika miji ya Uingereza, watu wakidai askari waondolewe na Waayalandi waachiwe mambo yao. Tarehe 11 Julai mapigano yakasimamishwa, na tarehe 6 Desemba ukatiwa sahihi mkataba uliozipa wilaya 26 kujitawala, na wilaya 6 za kaskazini zikabaki kwa Uingereza. Hatusemi kwamba mikutano ndiyo iliyowapa uhuru. Waliopigana ni Waayalandi wenyewe. Lakini mtawala apigwapo mbele na adui, na nyuma watu wa nyumba yake mwenyewe wakimlaumu, mkono wake hulegea.

Sasa na turudi Dodoma, kwa maana miaka hiyo hiyo ndiyo miaka ya Mtunya.

Wasomaji wa Ugogo hawahitaji kuelezwa neno hilo. Wazee wetu walilisikia kwa wazazi wao, nao walilitamka kwa sauti ya chini. Wadachi walipokuwa wakiondoka walichukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia wakachukua nafaka na ng'ombe na vijana waliobaki. Hata mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haipo. Kati ya mwaka wa 1917 na wa 1920 walikufa watu kama 30,000 katika nchi ya watu kama 150,000. Yaani katika kila tembe ya watu watano, mmoja alizikwa, ikiwa alipatikana mwenye nguvu ya kuchimba kaburi. Wazee husimulia habari za watoto waliowekwa rehani kwa watu wa mbali ili wapate kula.

Waayalandi nao walikuwa na Mtunya wao. Tangu mwaka wa 1845 viazi, ambavyo ndivyo chakula chao maskini, vilioza shambani mwaka hata mwaka, wakafa watu kama milioni moja, na wengine wengi wakavuka bahari. Siku hizo nafaka ilikuwa ikipakiwa melini kupelekwa Uingereza. Kwa hiyo Waayalandi wa mwaka wa 1920 walipopigana, walikuwa wakipigania na makaburi hayo ya babu zao.

Lakini hapana tume ya Labour iliyokuja Dodoma. Hakuna Henderson aliyesimama mbele ya tembe tupu ya Mgogo akauliza, ng'ombe wako wamekwenda wapi? Jambo hili limetusumbua mara nyingi. Je, watu wale walikuwa wanafiki, wakiona chozi la mtu mweupe peke yake? Wengine walikuwa hivyo, hatuna shaka. Hata hivyo twafikiri iko sababu nyingine. Ayalandi ilikuwa na wajumbe katika Bunge la London kwa zaidi ya miaka mia. Wana wake walifanya kazi Liverpool na Glasgow kwa maelfu, wakasoma magazeti, wakapiga kura, na chama cha Labour kilizitaka kura hizo. Sisi tulikuwa na nani? Habari za Ugogo zilifika London kwa kalamu ya maofisa, na ofisa hapendi kuandika kwamba yeye ndiye aliyechukua nafaka. Mahali palipokuwa na mtu wa kuandika, sauti ilisikika. Kenya ilikuwa na Norman Leys, daktari aliyewahi kuitumikia serikali, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1924 kiliwasumbua sana wakubwa kwa habari za ardhi iliyotwaliwa.

Ilipokuwa mwaka wa 1940 watu wa kushoto wakaanzisha ofisi ya kuchunguza mambo ya makoloni, iliyoitwa Fabian Colonial Bureau. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Arthur Creech Jones, aliyefungwa gerezani katika vita vya kwanza kwa kukataa kuwa askari. Labour ikashinda uchaguzi wa mwaka wa 1945, naye kwa mwaka wa 1946 akawa Waziri wa Makoloni. Waziri wa Chakula akawa John Strachey, aliyekuwa mwandishi hodari wa mafundisho ya Marx. Basi rafiki zetu walikuwa wameingia ndani, na funguo mikononi mwao.

Wakatuletea nini? Wakatuletea karanga za Kongwa.

Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta baada ya vita. Ikapangwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika, na kazi ikaanza Kongwa mwaka wa 1947. Wataalamu walikuwa wamezunguka majuma machache tu. Kongwa palichaguliwa kwa kuwa watu walikuwa wachache, wala hakuulizwa mzee yeyote kwa nini ni wachache. Angaliwajibu kwa maneno mawili: hapana maji. Matrekta yakavunjika juu ya mibuyu, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikafanya desturi yake. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda na reli mpaka huku kwetu, na watu wa Kongwa nao wakaacha kazi. Wafanya kazi waliigomea serikali ya chama cha wafanya kazi. Mwaka wa 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha kupotea.

Hatuwaiti watu hao waongo. Walitaka mema, lakini walikuja kama tume isiyouliza.

Tofauti yake twaiona kwa Fenner Brockway. Huyu alikuwa mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa Calcutta mwaka wa 1888. Alifungwa kama Creech Jones kwa kukataa vita, na katika gereza la Lincoln alikuwa pamoja na wafungwa wa Ayalandi, mmoja wao de Valera, aliyetoroka kwa ufunguo wa kuchongwa mwezi wa Februari 1919. Mwaka wa 1950 alipokwenda Kenya hakulala kwa Gavana. Alikaa nyumbani kwa Mzee Koinange, akala chakula cha Mkikuyu, akasikiliza. Mwaka wa 1954 akaanzisha London chama cha kudai uhuru wa makoloni, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai. Lakini safari hii maneno ya Tanganyika hayakungoja kuchukuliwa na mtu mwingine: mwezi wa Machi 1955 Mwalimu Nyerere aliyapeleka mwenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Alikuwa amewajua watu wa Fabian tangu siku za masomo yake ya Edinburgh, akawatumia kama mtu atumiavyo daraja.

Na Kongwa? Mwaka wa 1964, karibu na mabaki ya ule mpango wa karanga, walipewa kambi wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Namibia, wa Angola na wa Afrika Kusini. Nao pia walikuwa na rafiki London, ambao tangu mwaka wa 1959 walikuwa wakiwasihi watu wasinunue matunda ya Afrika Kusini. Wapiganaji hao walijifunza Kiswahili, wakanunua mtama na mbuzi kwa watu wa vijiji, na wengine walioa huko huko.